Zamu ya Nanjala Kuagiza

Mvua za masika zilikuwa zinaishia pale Chengo alipotambua kwamba nyumba yake imekuwa kimya. Si kimya cha kukosa mtu. Nanjala alikuwemo toka asubuhi hadi jioni, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu wahamie Kibokoni. Lakini alikuwemo kama kiti kinavyokuwemo. Akipika, hukusikia sufuria. Akifagia, hukusikia ufagio. Na kuimba, yeye ambaye alikuwa haoshi hata kijiko bila kukisindikiza kwa wimbo, aliacha kabisa.

Chengo ni fundi wa mafriji. Karakana yake iko Makupa, kibanda cha mabati kati ya wauza vipuri na wauza matairi, na mikono yake ina makovu madogo ya moto wa kuunganishia mabomba. Mambo yakiharibika hujua pa kuanzia: husikiliza mota, hugusa bomba, hunusa. Lakini alimsikiliza mkewe kwa majuma kadhaa na hakujua aguse wapi.

Kilichomfika Nanjala kilikuwa hiki. Alikuja Mombasa kutoka Webuye akiwa msichana, kwa shangazi yake aliyeolewa na mtu wa reli, akapata kazi ya kuosha bilauri katika hoteli moja upande wa Kizingo. Kutoka kuziosha akapandishwa kuwa wa kuzijaza. Akakaa nyuma ya kaunta ile miaka ishirini na ushei. Mabaharia walimjua, mawakili walimjua, na wageni waliorudi kila Desemba waliuliza habari za binti yake Kate kwa jina. Hata Chengo alimpata hapo hapo. Mashine ya barafu iliharibika mkesha wa Krismasi, akaitwa fundi kupitia mlango wa nyuma, na alipopiga magoti mbele ya mashine, msichana mwenye ndoo akasimama juu yake akiuliza barafu itatoka lini. "Ukiacha kuuliza," Chengo alimjibu. Yule msichana akacheka, na fundi akakaza nati ile ile mara tatu.

Kanisani baadhi ya kina mama walimwita Mama Baa, walipodhani hasikii. Chengo akakasirika. Nanjala akasema, "Waache. Kuna mabaya zaidi ya kuitwa."

Halafu hoteli ikapata mwenyewe mwingine. Huyo hakutaka baa, alitaka ukumbi wa mikutano. Nanjala alikuwa anapiga pasi blauzi yake nyeupe ya kazi siku ujumbe ulipoingia kwenye simu, maneno machache ya kumwambia asije. Akasoma, akasoma tena, akachomoa pasi. Akamwambia mumewe kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo siendi." Na kesho yake hakwenda, wala keshokutwa. Watu walimpa pole, akawashukuru. Chozi halikumtoka. Hilo ndilo lililomtia Chengo hofu.

Akiwa Makupa siku moja, kichwa kikiwa ndani ya friji la mwenye bucha, alikumbuka jambo ambalo mkewe alizoea kulisema kwa mzaha akirudi kazini na miguu imevimba. "Nikistaafu, Chengo, nitarudi pale siku moja na gauni langu zuri. Nitakaa upande wa wageni. Nitamwambia Jeremy, kijana, nipe ile ya tangawizi. Halafu nitainywa polepole nikimtazama anavyoosha vyombo."

Sasa upande wa wageni haukuwapo tena, wala upande wa pili. Chengo akatoa kichwa ndani ya friji na kumpigia simu Jeremy.

Jeremy alikuwa amefundishwa kazi na Nanjala, na baada ya baa kufungwa alipata kibarua kwenye mkahawa mmoja huko Nyali. Alipopokea simu jambo la kwanza aliuliza, "Mama yuko salama?"

"Yuko. Jeremy, ile ya tangawizi hutengenezwaje?"

"Wewe, mzee? Wewe hata bia hunywi, ila Krismasi."

"Si yangu. Yake."

Jeremy akaelewa, maana sauti yake ilibadilika ikawa ya upole. Akaeleza. Vodka kiasi, ndimu mbichi, barafu nyingi, jani la mnanaa, kisha bilauri ijazwe kwa tangawizi yenye povu. "Hiyo tangawizi ndiyo kazi, mzee. Mama hakukubali ya dukani hata siku moja. Alisema ni sukari na harufu tu. Tulikuwa tunaipika wenyewe, tunatia hamira kidogo, tunaiacha kwenye chupa ichachuke mpaka ipate gesi. Joto la Mombasa lina haraka, siku mbili zatosha. Na usisahau kufungua chupa upunguze gesi."

"Mimi gesi ndiyo kazi yangu," Chengo alisema.

Hamira alikuwa nayo kabatini. Tangawizi ndiyo hakuijua. Na katika nyumba ile, aliyeijua tangawizi alikuwa Bi Maisara, mwenye nyumba, aliyekaa juu yao. Wakati wa Ramadhani watu walipanda ngazi zake hata kutoka mtaa wa Kuze kuja kuchukua sharubati yake ya tangawizi ya kufuturia. Chengo alipanda ngazi hizo alasiri moja, akabisha hodi, akavua viatu.

"Karibu mwanangu. Starehe." Bi Maisara alikuwa ameketi kwenye mkeka, anachambua mchele. "Mkeo yuwaje? Simsikii siku hizi. Nilizoea kumsikia asubuhi, na nyimbo zake za kanisani, nami nikasema haya, jirani yangu ameamka. Sasa siamki vyema."

"Ndilo lililonileta, Bi Maisara. Nataka unifundishe tangawizi."

"Hilo tu? Kalete kisu."

Chengo hakuinuka. Njiani kutoka Makupa alikuwa ameamua kwamba hatasema. Angemwambia ni dawa ya kifua, na nani angejua? Lakini alipomwona mama yule amekwisha kusukuma sinia la mchele pembeni kwa ajili yake, ulimi ukakataa.

"Bi Maisara, nisikufiche. Nataka kumtengenezea kinywaji cha kazini kwao. Mwisho wake kitatiwa kileo."

Vidole vya Bi Maisara vikatulia. Chini barabarani mkokoteni ulipita ukigongagonga mawe.

"Na kwa nini waniambia?"

"Kwa sababu ukija kujua baadaye, sitaweza kukuamkia tena nikakutazama."

Yule mama akamwangalia usoni. Kisha akashusha pumzi. "Kileo sikijui, wala sitaki kukijua. Tangawizi naijua. Nitakuonyesha tangawizi. Ukishavuka mlango huo, yaliyobaki ni yako na Mola wako. Na vyombo vyangu vyote viwate hapa hapa, kisitoke hata kijiko."

"Ndiyo, Bi Maisara."

"Haya. Mwanzo, ya kununua hapo dukani imenyauka. Nenda soko la Marikiti mapema, uchague yenye ngozi nyembamba, ukiikwaruza kwa ukucha itoe maji."

Akaenda Marikiti kabla ya kazi. Akakwaruza tangawizi nyingi kiasi kwamba muuzaji alimuuliza kama anataka kununua au kuzichora. Alirudi nazo pamoja na ndimu na fungu la mnanaa, na jioni Bi Maisara akamsimamia kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Asizimenye kwa kisu, azikwangue kwa kijiko. Asizikate, azitwange. Maji yasichemke nazo, yapate moto tu, kisha azitie, afunike, azisahau. Sukari baadaye, ndimu mwisho kabisa, yakishapoa. Chengo aliyashika yote kichwani, kisha akashuka kwake akayafanya upya kwenye sufuria yake mwenyewe, Nanjala akiwa amelala na uso ukutani.

"Ni nini hicho kinachonukia?" aliuliza bila kugeuka.

"Dawa ya kifua," Chengo akasema. Uongo ambao hakuweza kuupeleka juu ulimtoka chini bila taabu.

Ile vodka aliinunua Makupa, chupa ndogo, akaizungushia gazeti na kuilaza kwenye sanduku la vyombo kati ya spana na koleo. Alipopita barazani kwa wazee wa mtaa, aliwaamkia akiwa ameshika sanduku kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto mchanga, na moyo wake haukutulia mpaka alipofunga mlango. Ile tangawizi aliitia kwenye chupa mbili za kioo zenye vifuniko vya kubana, akatia hamira aliyodhani ni kidogo, akazificha ndani ya kabati nyuma ya mlango wa jikoni. Kabati lile lilipakana na ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Hilo hakulifikiria. Halafu mwenye bucha akampigia simu kwamba friji limezima tena na nyama itaoza, na katika kukimbizana na friji la bucha, Chengo akasahau kufungua chupa.

Alikuwa anakunywa chai asubuhi pale kishindo kilipolia. Mlango wa kabati ulifunguka wenyewe. Vigae vya chupa vikaruka, povu likapanda hadi darini, na kikombe cha chai kikamtoka mkononi.

Nanjala alitokea mbio chumbani, kanga amejifunga upande. "Chengo! Mtungi wa gesi?"

"Hapana," Chengo alisema. Alikuwa amesimama pale pale, maji ya rangi ya udongo yakimdondoka kwenye nyusi. "Tangawizi."

Kutoka juu Bi Maisara akaita, "Jamani, ni salama huko?"

"Salama, Bi Maisara! Ni tangawizi!"

"Alhamdulillahi!"

Nanjala alimtazama mumewe. Akatazama dari. Akapitisha kidole ukutani, akakilamba, akafikiri. "Umetia hamira nyingi."

"Jeremy alisema kidogo."

"Kidogo cha nani? Hii ungeumulia mandazi ya harusi." Halafu akamtazama tena, mtu aliyepata riziki yake yote kwa kuzuia gesi isitoke kwenye mabomba ya watu, na kitu kikampanda kifuani. Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka akashika meza. Alipodhani kimekwisha, aliona tone likidondoka kutoka darini na kutua juu ya upara wa Chengo, na kikaanza upya. Chengo alisimama amelowa, akimsikiliza mkewe anacheka, na hakutaka kujifuta.

Chupa ya pili ilikuwa bado nzima. Aliivika taulo nene, akaipeleka kwenye sinki akiwa amegeuza uso pembeni, akaifungua polepole, ikapiga mluzi kwa muda mrefu kisha ikatulia. Akaitia kwenye friji.

"Sasa niambie," Nanjala alisema. "Dawa gani ya kifua inatiwa hamira?"

Akamwambia. Hakuwa na maneno mengi, na aliyokuwa nayo aliyasema akiokota vigae ili asimtazame. Alipomaliza, Nanjala alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, kimya, ila si kimya kile cha majuma yaliyopita.

"Nitakusaidia," akasema hatimaye.

"Hapana. Wateja hawaingii jikoni."

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Chengo alilaza ubao mpana juu ya stuli mbili kati ya jikoni na sebule, akautandikia kitambaa. Akafungua kabati la sebuleni na kutoa bilauri mbili kati ya zile walizopewa harusini, ambazo zilikuwa zikitolewa kwa ajili ya mchungaji tu. Alisaga barafu kwa kuifunga ndani ya taulo safi na kuipiga kwa nyundo. Nanjala alikuwa chumbani na mlango umefungwa, akasikia nyundo, akauliza kwa sauti kama anavunja nyumba.

Alipotoka alikuwa amevaa gauni la kitenge la rangi ya kunde, na hereni. Akaketi kwenye kiti alichowekewa, upande wa sebule, akaweka mikono yake juu ya ubao. Chengo akasimama upande wa jikoni. Akasafisha koo.

"Karibu mama. Utakunywa nini?"

Macho ya Nanjala yakazunguka chumba chake mwenyewe kama mgeni anayetafuta pa kuanzia. "Haki ya Mungu," alisema polepole, "mimi sijawahi kuulizwa."

Chengo akangoja.

"Nipe ile ya tangawizi, kijana."

"Kijana" alikuwa na miaka hamsini na mitano. Akajaza barafu. Akamimina vodka kwa kipimo cha kifuniko, akamwaga nyingine ubaoni. Akakamua ndimu, mbegu ikaangukia ndani, akaifuata kwa kijiko. Nanjala alikuwa anatazama, na vidole vyake vilianza kutembea vyenyewe juu ya kitambaa, vikilaza bilauri isiyokuwepo ili tangawizi iteremke ubavuni bila kuua povu. Akavivuta na kuvikalia. Chengo akaijaza bilauri kwa tangawizi, akapiga jani la mnanaa kati ya viganja kama Jeremy alivyomwambia, akaliweka juu, akaisukuma bilauri mbele kwa mikono miwili.

Nanjala akanusa. Akapiga funda. Akakohoa mpaka machozi yakamlenga.

"Vipi?"

"Kali!"

"Nimwage?"

"Ukimwaga, nitakumwaga wewe." Akapiga funda la pili, dogo, akalishikilia mdomoni kabla ya kulimeza. Ndimu ilikuwa nyingi na tangawizi ilikuwa na hasira, lakini ilikuwa baridi sawasawa, na iliposhuka iliacha joto nyuma yake. Nje ilikuwa saa ile ya joto ambapo hata paka wa Kibokoni huhamia kwenye vibaraza vya kivuli. Akanywa polepole, kama alivyokuwa ameahidi.

Ilipofika nusu aliiweka chini na kuizungusha taratibu.

"Hawakuniaga, Chengo."

"Najua."

"Hujui. Si hao wakubwa, hao hawakunijua. Nasema ile baa. Nilifunga usiku ule kama siku zote, nikazima taa, nikakimbilia gari. Sikujua ni mara ya mwisho. Ningejua ningeifuta kaunta vizuri. Niliacha alama ya maji, pale pembeni. Nilisema nitaifuta kesho."

Na hapo machozi yakaja, yale yaliyokuwa yamekawia. Hakujifunika uso. Aliyaacha yateremke juu ya hereni na kitenge. Chengo alitazama ubao wake, ulivyolowa vodka na maji ya ndimu na barafu iliyoyeyuka, akaondoa kile kitambaa, akachukua kitambaa kingine kikavu begani mwake na kumpa mkewe mkononi.

"Basi futa kaunta hii."

Nanjala akakitazama. Kisha akainuka, akaifuta. Alianza mwisho wa kushoto akaenda hadi mwisho wa kulia kwa mapigo marefu yaliyolingana, akarudi, akazipitia pembe, akainama kutazama kwa mwanga kama kumebaki alama. Alifuta muda mrefu kuliko ubao ulivyohitaji. Alipomaliza alikikunja kitambaa mara nne na kukilaza mwishoni mwa kaunta, sawasawa na ukingo.

"Sasa," alisema, akipangusa pua kwa kiganja, "toka huko nyuma. Wewe hujanywa kitu."

Akamtengenezea yake, vodka tone tu, na mikono yake ilipita juu ya vitu vile upesi na kwa wepesi hata Chengo hakuona ni wakati gani ndimu ilikamuliwa. Wakaketi upande mmoja, mabega yakigusana. Na Nanjala akaanza kusimulia. Habari za kazi yake alikuwa hazileti nyumbani, kwa kuwa alirudi amechoka, na kwa kuwa alijua kanisa lina masikio. Jioni ile alimsimulia nahodha mmoja mzee ambaye kila meli yake ilipotia nanga alikuja na mabaharia wake wote, akawaagizia bia, na yeye akamkonyeza Nanjala amletee maziwa ya moto ndani ya kikombe cha bia, kilichofunikwa povu, kwa ajili ya vidonda vya tumbo. "Miaka sita, Chengo. Na hakuna baharia aliyejua. Wanamuogopa vile vile." Chengo alicheka mpaka akapaliwa. Akaomba kisa kingine. Akasimuliwa kingine.

Jumatatu Nanjala aliamka mapema, akanunua jagi jipya la kioo, akatengeneza tangawizi isiyo na hamira wala kileo, akapanda nayo juu.

Bi Maisara alimfungulia, akalitazama jagi. "Hii ni ya upande gani?"

"Ya upande wako, Bi Maisara. Na jagi ni jipya, ni lako."

Yule mama akaonja. Akaonja tena. "Umetia nini?"

"Iliki kidogo. Na maganda ya ndimu, lakini niliyatoa mapema."

"Ketini," Bi Maisara alisema, kama wako wengi, na akasogea kwenye mkeka.

Wakakaa mpaka adhuhuri. Bi Maisara alikuwa na harusi ya mpwa wake Nabiha iliyokaribia, sharubati za watu wengi, na magoti yaliyochoka. Alichohitaji ni mtu anayeweza kusimama kwa saa nyingi, akahudumia wanawake mia wanaozungumza kwa pamoja, asimsahau hata mmoja. Nanjala alisema hilo analiweza.

Harusi ilikuwa mwisho wa Juni. Chengo aliibeba barafu kwenye mkokoteni hadi mlango wa wanawake, akaikabidhi, akangoja nje barazani na wanaume wengine. Ndani kulikuwa na vigelegele na ngoma, na harufu ya udi ikitoka dirishani. Watu walipoanza kupungua, Nanjala alitoka na buibui la kuazimwa mabegani, akaketi kando yake, akavua viatu.

"Miguu," alisema.

Chengo akaiinua mmoja baada ya mwingine, akaiweka mapajani mwake na kuanza kuikanda kwa vidole vyake vyenye makovu. Mzee mmoja alikohoa na kutazama pembeni kwa adabu.

"Bi harusi amekunywa bilauri tatu za ukwaju," Nanjala alisema, amefumba macho. "Na mama mkwe wake anauliza kama niko huru mwezi wa nane."